Kufua kisu na mikono yako: atelie za Japani, wafua chuma wa kwetu, na msafiri anayeshuka Bangboka

Kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka mpaka katikati ya mji wa Kisangani ni kilometa 17. Msafiri anayeshuka pale, kama ametoka mbali na hana ndugu wa kutembelea, mara nyingi anapelekwa pahali pamoja: kwenye maporomoko ya Wagenia. Anaangalia miti iliyosimikwa ndani ya maji, anaangalia ile mitego mikubwa inayofanana na vikapu, anapiga picha, analipa, anarudi. Ameona kazi ya watu, lakini mikono yake haikugusa kitu.

Kule Japani kuna biashara ingine. Mgeni analipa, si juu ya kuangalia, ila juu ya kutoka jasho. Anafungwa aproni ya kazi, anapewa nyundo, anapiga chuma chekundu mpaka mabega yanamuuma, na jioni anarudi hotelini na kisu kidogo alichofua mwenyewe. Leo tunaeleza namna kazi ile inafanyika, sheria gani inaisimamia, juu ya nini mafundi wa kule walifungua milango ya moto wao kwa watu wasiowajua, na wapi inakutana na kazi ya wafua chuma wa Tshopo na Uele. Mwishoni kuna maneno kwa yule anayetaka kupima kitu kama hicho hapa kwetu. Vyuma viko, makala hayakosi kwenye kinga zinazoingia mjini kila asubuhi, na wazee wanaojua kupiga nyundo bado hawajaisha wote.

Mgeni hafui katana

Kwanza tusahihishe jambo moja, maana vijana wengi wameona filamu. Mgeni hafui katana, ule upanga mrefu wa samurai. (Tukisema upanga hapa, si ile mupanga ya kukatia majani, ni silaha ya vita ya zamani.) Japani, upanga wenye urefu wa sentimeta 15 ao zaidi hauruhusiwi kukaa kwa mtu bila kuandikishwa. Anayetaka kuufua mupaka awe na ruhusa ya serikali. Ruhusa ile inamfikia mtu baada ya miaka 5 ya kujifunza chini ya fundi mwenye ruhusa, kisha mafunzo ya mwisho yanayosimamiwa na Idara ya Mambo ya Utamaduni. Hata akishaipata, hawezi kumaliza panga ndefu zaidi ya 2 kwa mwezi. Fundi wa upanga, kwa hiyo, ni mtu mwenye ujuzi mkubwa na vitu vichache vya kuuza. Wengi wanaishi kwa kufua visu vya jikoni, na siku hizi kwa kupokea wageni.

Ugumu huu una historia. Mwaka 1876 serikali mpya ya Japani ilikataza watu kutembea na panga barabarani. Samurai wakabaki bila kazi, na wafua panga nao wakabaki bila wateja. Wengine waliacha moto. Wengine wakageukia visu vya jikoni, mikasi na nyembe. Mwaka 1945, baada ya kushindwa vita, majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zikusanywe, na panga nyingi sana zikapotea ao kuharibiwa, hata zile za mababu ambazo hazikuwahi kukata mtu. Kazi ya kufua panga ilisimama kwa miaka kadhaa, na iliporudi katika miaka ya 1950 ilirudi kama sanaa yenye karatasi na muhuri.

Miji mitatu inatajwa sana. Seki, katika jimbo la Gifu, imefua chuma kwa zaidi ya miaka 700 na leo ni mji wa viwanda vya visu. Sakai, karibu na Osaka, ilijulikana kwa visu vya kukatia tumbaku tangu karne ya 16, na leo wapishi wakubwa wanatafuta visu vya pale. Kule Sakai mtu mmoja hamalizi kisu peke yake: mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anatia mpini, kila mtu kwenye nyumba yake. Mji wa tatu ni Sanjo, katika Niigata, na kwa sisi ndio wenye somo kubwa. Katika karne ya 17 wakulima wa pale walikuwa wakipigwa na mafuriko ya mto mwaka hadi mwaka. Wakafundishwa kufua misumari ili wapate chakula wakati mashamba yako chini ya maji. Kutoka misumari wakaenda kwenye majembe na miundu, kisha visu.  Ni wakulima waliotafuta franka ya pembeni.

Siku moja kwenye moto

Atelie nyingi zinapokea wageni wachache kwa mara moja, nusu siku ao siku nzima. Asubuhi fundi anaonyesha chuma. Mara nyingi kile kipande kimekwisha kuunganishwa: chuma laini kwa nje, na ndani feleji ngumu ambayo ndiyo itakuwa makali. Kuunganisha vyuma viwili kwa moto na nyundo tu kunataka miaka ya kujifunza, na ukikosea joto kidogo vinaachana. Fundi ameifanya sehemu ile kabla mgeni hajafika. Tunasema hivi wazi ili mtu asidhani kwamba siku moja inatosha kujua kazi: mgeni anafanya sehemu tu, na fundi amesimama nyuma yake.

Kisha moto. Kwa panga, Wajapani wanapenda makala ya mti wa msonobari, yaliyokatwa vipande vidogo, kwa sababu yanashika haraka na joto lake linatii mvukuto. Mvukuto wao ni sanduku refu la mbao. Ndani mna ubao unaosukumwa na kuvutwa, na hewa inatoka ukienda na ukirudi. Mgeni anafundishwa kusoma rangi. Chuma chekundu cha giza bado hakijaiva. Cha rangi ya chungwa kinapigika. Cha manjano ni laini sana. Kikianza kutoa cheche nyeupe zinazoruka, basi kimeungua na hakuna dawa.

Hapo nyundo inaanza, na hapo ndipo tulipopenda zaidi. Kwa kazi kubwa fundi hapigi peke yake. Yeye anashika koleo na nyundo ndogo, msaidizi anasimama mbele yake na nyundo kubwa yenye mpini mrefu. Fundi anagonga kidogo, msaidizi anajibu kwa nguvu, pahali palepale. Fundi akigonga pembeni kwenye fuawe, ni kusema simama. Hakuna anayesema neno. Katika lugha ya Kijapani, nyundo ile ya kujibu inaitwa aizuchi, na neno hilohilo leo linatumika kwa zile sauti mtu anazotoa akimsikiliza mwenzake: "eee", "ndiyo", "kumbe". Sisi watu wa radio tunaelewa mara moja. Hata hapa ukisimulia mbele ya wazee na hakuna anayeitika, unanyamaza.

Saa chache zinakwenda kwa kunyoosha ncha, kupunguza upande wa makali, kutengeneza ule mkia unaoingia ndani ya mpini. Baadaye tupa inafuta alama za nyundo. Halafu kisu kinapakwa udongo uliochanganywa na unga wa makala: mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni. Sababu yake ni rahisi. Chuma kikipoa ghafula kinakuwa kigumu kama kioo. Kikipoa polepole kinabaki laini na hakivunjiki. Udongo mnene unachelewesha mgongo, makali yanapoa kwanza. Kisu kimoja kinapata tabia mbili. Mpaka kati ya sehemu hizo unaonekana baadaye kama mstari mweupe wenye mawimbi, na kwa upanga mrefu ndipo ule mpindo unapozaliwa: haupindwi kwa nyundo tu, maji ndiyo yanaupinda.

Wakati wa kuzamisha taa zinazimwa na madirisha yanafungwa. Si mambo ya uchawi. Katika mwangaza wa mchana jicho linadanganywa na rangi ya chuma, na tofauti ya nyuzi 50 inatosha kupoteza kazi yote. Chuma kinaingia katika maji, kinalia, kinatoka. Kama kimepasuka, utasikia "tii!", sauti ndogo ambayo kila mfua chuma wa dunia anaichukia. Kikiwa salama kinapashwa tena joto kidogo, karibu nyuzi 200, ili ugumu upungue na kisivunjike kikianguka chini. Jioni ni kunoa kwenye mawe yenye maji, jiwe la kukwaruza kwanza, laini mwishoni.

Kwa mwenye pesa kidogo ao mwenye watoto kuna njia fupi. Kule Sanjo, kwenye chuo cha mji cha mafunzo ya kufua chuma, mgeni anaweza kuchukua msumari mmoja mrefu wa sentimeta 15 hivi na kuugeuza kuwa kisu kidogo cha kufungulia barua. Msumari mmoja, saa chache, hatari ndogo. Tulisoma habari ile mara mbili, juu msumari kama ule uko kwenye kila kioski cha Kisangani.

Chuma kinatoka wapi

Kwa upanga halisi Wajapani hawanunui chuma cha kiwanda. Wanatumia feleji inayoitwa tamahagane, inayopikwa katika tanuru la udongo liitwalo tatara. Ndani wanatia mchanga wa chuma na makala, zamu kwa zamu, siku tatu usiku na mchana bila kulala. Karibu tani 10 za mchanga na tani 12 za makala zinazaa bonge moja la tani 2 na nusu hivi, na ni sehemu ndogo tu ya bonge lile inayofaa kwa upanga. Mwishoni tanuru lenyewe linavunjwa. Kazi hii ilikuwa imekufa, ikafufuliwa mwaka 1977 huko Okuizumo, jimbo la Shimane, na chama kinacholinda panga za sanaa. Inafanyika wakati wa baridi tu, na feleji yake inagawiwa kwa mafundi wenye ruhusa.

Mwafrika akisoma haya anatabasamu, kwani babu yake alifanya vilevile. Katika Buhaya, mkoa wa Kagera, Tanzania, wazee waliokumbuka kazi ya zamani walijenga tena tanuru katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Mwaka 1978 matokeo yalichapishwa katika jarida la Science: tanuru la udongo, mirija mirefu ya kupuliza, joto lililopita nyuzi 1,800, na katika ardhi ileile mabaki ya matanuru yenye umri wa karibu miaka 2,000. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya namna hewa ilivyopata joto ndani ya mirija. Kwamba chuma kilitoka, hakuna aliyebisha. Na hapa Kongo, kusini, karibu na ziwa Kisale, makaburi ya miaka zaidi ya 1,000 yamefukuliwa yakiwa na mashoka ya heshima na fuawe za mfua chuma zilizozikwa pamoja na mwenyewe.

Hata miiko inafanana. Mungu wa tatara, Kanayago, anasimuliwa kuwa ni mwanamke asiyependa wanawake wengine kukaribia tanuru. Katika jamii nyingi za Afrika ya kati vilevile wanawake walikatazwa kukaribia chuma kinapopikwa, na mpishi wake alikatazwa kulala na mkewe siku zile. Leo atelie za wageni kule Japani zinapokea wanawake na wanaume bila kuuliza. Tunadhani hapa kwetu ndipo mjadala wa kwanza ungezuka, na si vibaya ukizuka.

Mfua chuma aliyefua pesa

Sasa turudi nyumbani. Watu wa kando ya mto chini ya Kisangani, Watopoke, Waturumbu, Walokele na majirani zao, walikuwa na kitu kinachoitwa liganda. Ukikiona utasema ni mkuki wa jitu: ubapa mwembamba wa chuma, wakati mwingine unapita urefu wa mtu, mita 1 na nusu mpaka karibu 1.8. Lakini haukurushwa vitani. Ilikuwa pesa. Kwa maliganda familia ililipa mali ya bibi arusi na kumaliza mambo makubwa kati ya koo. Thamani yake ilionekana kwa macho: uzito wa chuma, makala yaliyoungua, siku za nyundo. Mfua chuma wa wakati ule alikuwa anafua franka, na kila mtu aliweza kuona kama franka yake ni ya kweli.

Upande wa Uele, Wamangbetu walifua visu vilivyopinda kama mundu, vyenye mpini wa mbao ao wa pembe ya ndovu, kitu cha mtu mkubwa kushika mbele za watu. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870 na akawasifu sana wafua chuma wa pale. Minyororo yao midogo ilimshangaza kuliko silaha. Aliona mvukuto wao wa vyungu vya udongo viwili, uliofunikwa na majani ya ndizi yaliyochemshwa mpaka yakalainika. Fikirini: mahali pa ngozi ya mbuzi, jani la ndizi. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka maeneo yale na kupeleka New York maelfu ya vitu, visu vikiwemo. Na kwenye mdomo wa mto Aruwimi, pale Basoko, Stanley alipigana na watu wa mto tarehe 1/2/1877. Visu na mikuki ya Basoko leo viko katika makumbusho mengi ya Ulaya.

Juu ya nini kazi ile ilirudi nyuma? Hakukuwa na amri moja kama ile ya Japani ya 1876. Kwanza zilikuja fimbo za shaba, mitako, zilizotumiwa na wafanyabiashara wa mto na serikali ya Leopold kama pesa. Kisha kodi ikadaiwa kwa franka, na liganda haikupokelewa na mkusanya kodi. Halafu mupanga na jembe vya kiwanda vikashuka kutoka kwenye meli kwa bei ambayo mtu wa nyundo hawezi kuifuata. Tanuru la kupika chuma lilikufa kwanza, kwa sababu vyuma vya zamani vilikuwa vimejaa. Nyundo ilibaki, ikageukia kutengeneza majembe yaliyovunjika na kufua visu kutoka resori za makamio.

Vile vya zamani, vilivyo vizuri kabisa, viko Tervuren, Ubeljiji. Mwaka 2022 serikali ya Ubeljiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo orodha ya vitu vya kwetu karibu 84,000 vilivyomo katika makumbusho ile. Orodha ni karatasi.  Haisemi chuma kilikuwa na rangi gani kilipoingia majini.

Wageni wamekwisha kuingia

Mtu asiseme kwamba mambo ya kupokea wageni kwenye moto ni ya Asia tu. Kando ya ziwa Eyasi, Tanzania kaskazini, wafua chuma wa Kidatoga wanafua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe wanavichukua kwa kubadilishana na asali, nyama na ngozi. Biashara hii ni ya kweli, haikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Lakini watalii wanaokwenda Mang'ola kutoka Karatu wamekuja juu yake: wanaketi kwenye moto, wanapewa viriba vya ngozi ya mbuzi wavipulize wenyewe, wanaona kufuli na koki za shaba za zamani zikiyeyushwa kuwa bangili, na wananunua ile bangili ingali na joto. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kijiji cha Mamba karibu na Marangu, wafua chuma wa Kichaga wanafua mikuki, ile ya Wamasai ikiwemo, na wageni wanaotembea Marangu wanapelekwa kuwaona.

Tofauti ya Mang'ola na Japani iko kwenye pesa na wakati. Kule Eyasi mgeni anakaa muda mfupi, anapuliza kidogo, ananunua. Fundi anapata bei ya bangili, na ada ya kuingia inapita kwanza katika mikono mingine. Kule Japani fundi mwenyewe anauza siku yake yote, na bei inahesabu makala, chuma na miaka yake ya kujifunza. Ukiniuliza mimi, hapa ndipo pa kuiga, kabla hata ya kuiga kisu.

Kama ni hapa

Tuanze na lililo gumu. Katika Tshopo neno mupanga halichekeshi. Mzozo wa Wambole na Walengola, ulioanza mwaka 2023 upande wa Lubunga, ulifukuza maelfu ya watu kwenye nyumba zao, na silaha zake zilikuwa vitu vya shambani na vya kuwinda. Mtu akitangaza kwamba anafundisha wageni kufua panga, majirani watauliza maswali, na watakuwa na haki. Wajapani walijibu swali hilo kwa vipimo: mgeni anafua kitu kifupi, fundi anajulikana, na hata kisu kidogo chenye urefu unaopita sentimeta 6 mtu hatembei nacho barabarani bila sababu. Kisu cha jikoni, cha kufungulia barua, jembe dogo, hivyo havimtishi jirani. Mkubwa wa mtaa aelezwe kabla moto haujawashwa, si baada.

Juu ya chuma chenyewe: nondo za ujenzi, ile feraabeto, hazifai kwa kisu. Zile za kawaida zina kaboni kidogo. Utazizamisha majini mara kumi na makali yatapinda kwenye muhogo. Resori ya motokari ndiyo feleji ya kweli, na tupa ya zamani vilevile, ijapo ni ngumu zaidi kupiga. Lakini resori haipendi maji baridi, inapasuka. Izamishwe katika mafuta, na mafuta ya ngazi, haya mawese ya kwetu, yakipashwa joto kidogo yanafanya kazi nzuri. Mafuta ya motere yaliyotumika yana moshi mbaya kwa mapafu. Kwa kujua joto limefika, chukua sumaku ya spika ya radio iliyokufa: chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ukingoja kidogo tu baada ya pale, zamisha. Hii inamsaidia mwanafunzi asiye na jicho la mzee, na haiombi taa kuzimwa.

Hatari ziko. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yakiingia motoni yanatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Nguo za nailoni zinayeyuka kwenye ngozi. Afadhali pamba, na viatu vilivyofungwa, si sandali. Miwani kwa kila mtu, hata anayeangalia. Na jambo moja ambalo katika mji huu hatuwezi kulisema kwa sauti ndogo: Kisangani ilipigwa na maelfu ya obisi katika vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10/6/2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa. Chuma chochote cha mviringo kilichotoka ardhini, chenye kutu, kizito kuliko umbo lake, hakiguswi, hakipigwi nyundo, hakiletwi kwenye moto. Kiachwe pale, watoto waondolewe, mamlaka waitwe. Mnunuzi wa vyuma vya zamani akikuletea kitu usichokijua, usikubali bei yoyote.

Makala nayo yahesabiwe. Mtu mmoja anayejifunza anaunguza zaidi ya fundi, maana anarudisha chuma motoni mara nyingi. Bei ya siku isiyohesabu gunia la makala itamla fundi polepole. Na kijana anayepuliza mvukuto naye ana siku yake ya kulipwa. Mgeni hamuoni, lakini bila yeye chuma hakiivi.

Baki safari ya kurudi. Kisu hakiingie katika mfuko wa mkono, hapa Bangboka wala kwingine: kitachukuliwa pale pa kupekuliwa na hakitarudi. Ufunge ubapa kwenye karatasi ngumu, uutie katikati ya nguo ndani ya mzigo unaopimwa kwenye kilo, na umwambie ajenti kabla hajauliza. Kwa vitu vya zamani kuna sheria ingine. Tangu sheria ya tarehe 15/3/1971 juu ya kulinda mali ya utamaduni, kitu cha kale hakitoki nchini bila ruhusa, na liganda ya babu iliyonunuliwa kijijini kwa bei ya sabuni ni kitu cha kale. Iliyofuliwa juzi haina shida hiyo, bora fundi akuandikie karatasi yenye jina lake na tarehe. Shida yake ni urefu: kwa mita 1 na nusu, hakuna sanduku linaloipokea.